Mkono wa Mwalimu Mkuu Bunloet

Khanun alikuwa na kalamu za rangi saba, na kila rangi ilikuwa na kazi yake. Nyekundu ya ateri, buluu ya vena, manjano ya neva, kijani ya misuli, na zile tatu zilizobaki alizipa kazi kadiri moyo ulivyomtuma. Madaftari yake yalipendeza mpaka wenzake wa mwaka wa pili wa udaktari wakawa wanapanga foleni kuyapiga picha. Ungeyaona ungesema binti huyu amekwisha kuwa daktari, kilichobaki ni kumkabidhi koti tu.

Basi huyo huyo ndiye aliyefeli mtihani wa mkono. Na hakufeli kwa kuponyokwa na alama mbili tatu, la hasha. Alishika mkia wa darasa zima.

Mtihani wenyewe huitwa wa kengele. Katika ukumbi wa anatomia wa chuo kile, kule Isan, kaskazini-mashariki ya Thailand, meza za chuma zimepangwa safu kwa safu, na juu ya kila meza amelala Mwalimu Mkuu. Hivyo ndivyo wanavyoitwa kwa heshima watu waliousia miili yao iwafundishe madaktari. Kila Mwalimu Mkuu ana jina lake mezani, na kila kundi la wanafunzi lina wake wa mwaka mzima. Siku ya mtihani pini yenye kibendera huchomekwa mahali fulani mwilini. Unatazama, unaandika jina la kitu hicho, kengele inalia, unasogea meza ya pili. Kengele haibembelezwi wala haisikii kilio.

"Khanun, hebu niambie ukweli," alisema Op, mwenzake wa meza moja, kijana ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika tangu azaliwe. "Ni kweli umeiita neva ateri? Siku utakapompasua mtu neva ikavuja damu, tafadhali uniite nije nione!"

Khanun alicheka ili asilie. Kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Mtihani wa marudio ulikuwa wiki tatu mbele. Akiufeli na huo, anarudia mwaka. Wala si kurudia darasa peke yake kulikomuuma zaidi. Anayerudia hupangiwa meza mpya na Mwalimu Mkuu mpya. Mwisho wa mwaka, wakati Op na wenzao watakapomsindikiza Mwalimu Mkuu Bunloet kwenda kuchomwa moto kwa heshima zote, kama wafu wa kule wanavyoagwa, yeye atakuwa amekaa kule nyuma na wageni, kana kwamba hawakuwahi kujuana. Na alimpenda mzee yule. Kila asubuhi alikuwa wa kwanza kuunganisha viganja mbele yake na kumwinamia, na hakuwahi kuweka mkono kwa Mwalimu Mkuu mwingine yeyote. Aliona ni kumkosea adabu.

Sasa, chuoni pale kila mwanafunzi ana namba, na wote wenye namba moja, mwaka hadi mwaka, ni ukoo. Wakubwa huwalisha wadogo, huwaazima vitabu, huwafuta machozi. Khanun alikuwa wa Ukoo wa Arobaini na Saba, na ukoo huo ulisifika chuo kizima kwa jambo moja tu: kufeli mkono. Dada yake wa namba, Makham, aliyekuwa mwaka wa nne, aliufeli. Kaka wa namba wa Makham aliufeli pia, na leo ni daktari wa mifupa, mtu wa kushinda na mikono mchana kutwa.

Makham alimkuta kantini, akamwekea mbele sahani ya saladi ya papai bichi na kikapu cha wali wa kunata.

"Nasikia umeingia rasmi kwenye ukoo," alisema. "Karibu sana. Tulikuwa tunaanza kukuonea wasiwasi."

"Dada, usinitanie. Nimesoma mpaka macho yakavimba."

"Sijasema hujasoma. Funga daftari."

Khanun alifunga.

"Nifundishe mkono. Mimi sijui chochote, nimekuja mjini leo kwa basi la asubuhi. Anza."

Khanun alifungua mdomo. Kichwani aliuona ukurasa wote, ulivyopangwa, na kile kipepeo alichokichora pembeni. "Ukurasa wa kushoto," alianza, "pale juu kuna mshale wa kijani, halafu..."

"Mgonjwa wako atakuja na ukurasa wa kushoto?"

Wanafunzi wa meza ya jirani wakajifanya wanatafuta kitu chini ya viti.

"Unaona?" Makham alipunguza sauti, maana hakuwa mtu mbaya, ulimi wake tu ndio uliokuwa na pilipili. "Macho yako yanalijua daftari. Hiyo si sawa na wewe kuujua mkono. Mimi nikimwona msichana wa maktaba nasema huyu namfahamu. Niambie nimchore hapa hapa uone kama nitakumbuka hata pua. Mdogo wangu, unasoma kwa kutazama. Kutazama kunafariji, lakini siku ya kengele hakuna cha kutazama. Lete hizo kalamu."

"Zote?"

"Zote. Na hiyo ya zambarau uliyoificha kwenye soksi."

Khanun aliitoa. Ilimuuma kama anayeng'olewa jino. Makham akazitia mfukoni, akaivuta sahani ya papai katikati ya meza, akachambua nyuzi ndefu za papai moja moja.

"Neva za bega. Mizizi mitano inaingia, inaungana, inagawanyika, inaungana tena, inatoka matawi. Nipangie hapa mezani, bila kitabu. Utakayoikosea naila."

Loo! Kwanza Makham alikula sana. Alikula mpaka akaomba maji. Khanun alipanga uzi, akapangua, akafikiri, akapanga tena. Na kila mara Makham alipoutwaa na kuutia mdomoni, Khanun alikuwa hataki kuambiwa jibu. Alitaka alikumbuke mwenyewe. Kulikuwa na kitu humo ndani kilichokuwa kikisukuma kutoka, na kilipotoka, kikakaa mahali pake, ah, raha yake haisemeki! Jioni ile nyuzi zote zilikaa mezani na hapakuwa na hata moja ya kuliwa.

"Dada, nimeweza! Tazama!"

"Nimeona. Keshokutwa nitakuuliza tena utakapokuwa umeanza kusahau."

"Kwa nini usiniulize kesho?"

"Kwa sababu kesho utakuwa bado unakumbuka, utaniringia. Acha jibu lipotee kidogo, ulitafute. Kitu ulichokitafuta mwenyewe ndicho unachojua ulikiweka wapi."

Wakaendelea hivyo. Kukipambazuka, Khanun alikuwa tayari anautembea uwanja wa chuo huku akiufundisha mkono kwa sauti, kwa miti, kwa mbwa wa mlangoni aliyekuwa msikivu kuliko wengi. Makham alimvizia popote, foleni ya chakula, ngazi za maktaba, na kumtupia swali: "Dereva wa pikipiki kaanguka, kiganja kinaning'inia, hawezi kukiinua. Neva gani, na imeumia wapi?" Khanun akijibu, Makham anasema "kwa nini?" Akijibu tena, "kwa nini?" Mtoto mdogo hana "kwa nini" nyingi kama za Makham. Lakini Khanun alianza kuona kwamba mkono si orodha. Kila kitu kilikuwa pale kwa sababu, kilitoka mahali na kilikuwa na safari. Alilala kidogo mapema kuliko zamani na akaamka na hamu, kitu ambacho hakikumtokea tangu aingie chuo kile.

Kisha Makham akasema, "Sasa twende kwenye meza za wenzio."

Khanun akaganda. "Hapana, dada. Wale si wetu."

"Si wenu vipi?"

"Ni walimu wakuu wa watu. Nitakwendaje tu kumshika mkono mwalimu wa kundi jingine? Nitawasumbua wenyewe. Siwezi."

Hapo ndipo penye maradhi yenyewe, na tusimcheke peke yake. Kwa watu wa kule, staha ya kutomsumbua mwenzio hunyonywa pamoja na maziwa. Mtu atakaa na njaa asije akamsumbua mwenye chakula. Ni tabia njema inayowafanya wawe watu wazuri wa kuishi nao, lakini inaweza pia kumfelisha mwanafunzi wa udaktari kweupe.

"Pini zilikuwa kwenye meza yenu peke yake?" Makham aliuliza.

"Hapana. Karibu zote zilikuwa kwa wenzetu."

"Na wewe uliwahi kwenda kuwaona lini?"

Khanun aliinamia viatu vyake.

"Mficha uchi hazai," alisema Makham. "Njoo na maua."

Mchana uliofuata Khanun aliingia ukumbini na mikufu ya maua ya yasmini mkononi. Alisimama kwenye meza ya jirani, akawaomba radhi wenye meza, akaweka mkufu mmoja, akaunganisha viganja na kumwinamia bibi aliyelala pale. "Mwalimu Mkuu, naomba ruhusa nijifunze kwako." Wenye meza walimtazama kwa mshangao, kisha mmoja akamsogezea koleo. "Karibu. Mbona hujawahi kuja? Tulidhani unaringa!"

Makham alimsimamia nyuma. "Anza kwenye kifundo cha mkono. Shika ateri ya upande wa dole gumba, ile daktari anayopimia mapigo. Rudi nayo juu. Usiniambie jina. Niambie njia."

Khanun akaifuata kwa kidole. Ilipanda, ikapita chini ya msuli, ikafika kwenye kiwiko, na pale ikakutana na mwenzake wa upande wa kidole cha mwisho, zikawa ateri moja. Moja tu, iliyopanda hadi kwapani. Akasubiri kuiona ya pili. Haikuwepo. Pembeni yake palikuwa na uzi mweupe, mgumu, na hiyo ilikuwa neva.

Alikwenda meza ya pili, akaomba ruhusa, akafuata njia. Moja. Meza ya tatu, ya bwana mmoja mnene, moja. Alitamani kukimbia, na kukimbia ukumbini ni marufuku, basi akawa anatembea kwa mwendo ambao miguu inakimbia na mabega yanajifanya yanatembea. Akafika kwa Mwalimu Mkuu Bunloet, akaufunua mkono wake wa kulia, akafuata kutoka kwenye dole gumba. Ikapita kiwiko bila kusimama. Ikapanda peke yake, juu juu, karibu na ngozi, mpaka kwapani.

"Dada!" Sauti yake iligonga dari. "Mzee wetu ana mbili! Watu wote wana moja, yeye ana mbili!"

Ndiyo sababu! Kwa mwaka mzima aliamini kila mkono wa binadamu una ateri mbili hapa juu. Kitabu kilichora moja, naye akasema labda kimefupisha, akaona aibu kwenda kumuuliza profesa. Siku ya kengele alizitafuta mbili kwa watu wasio nazo, akaikuta neva imelala pale pembeni, akaipa jina la ateri. Kuanzia hapo kila jibu lilikaa kwenye kiti cha mwenzake.

Op alikuja akipangusa mikono. "Aa, hiyo? Hiyo tuliiona siku tulipomfungua mkono."

Khanun aligeuka taratibu. "Mliiona?"

"Tuliiona. Tukadhani tumekata vibaya, tumemharibu mzee wa watu. Nani angekwenda kumwambia Profesa Siriwan? Tukanyamaza, mtihani ulipokaribia mimi nikaenda kujifunzia kwa majirani."

"Na mimi mkaniacha?"

"Wewe si ulikuwa unaandika! Tuliona umechora mbili, tukajua basi, Khanun ameshaelewa. Sisi tulikuwa tunakuogopa wewe!"

Makham alikaa kwenye kigoda akacheka mpaka akashika mbavu. Khanun hakucheka. Uso ulikuwa unamwaka, si kwa hasira, kwa furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyejua hasa alipopotelea njia. Akavua glavu.

"Unakwenda wapi?" Op aliuliza.

"Kumsumbua profesa."

Profesa Siriwan alikuwa mama mfupi ambaye wanafunzi walipita mbali na mlango wake hata ulipokuwa umefungwa. Khanun aligonga. Alipomaliza kueleza, mama yule alivaa miwani, akamfuata ukumbini, akainama juu ya mkono wa mzee Bunloet, akatazama, akainua kwa koleo, akatazama tena. Op alikuwa tayari ametunga maneno ya kuomba msamaha.

"Jamani!" Profesa alipaza sauti. "Acheni kila kitu, njooni hapa wote! Miaka yote niliyofundisha humu, ya namna hii nimeiona mara chache kabisa. Nani aliyeikata? Amekata vizuri sana!"

Op akajikuta ameinua mkono kabla hajafikiri.

"Na nani aliyeielewa?"

"Mimi, Profesa," alisema Khanun.

"Basi fundisha."

Ukumbi mzima ulikuwa umeizunguka meza. Khanun hakuwa na daftari wala kalamu. Aliitazama ile ateri, ikamwonyesha pa kuanzia, na maneno yakaja yenyewe.

"Msiulize kwanza inatoka wapi," alisema. "Mkiuliza hivyo mtachanganyikiwa kama mimi, na mnajua nilipata ngapi." Wakacheka. "Fuateni inakokwenda. Hii inakwenda kwenye dole gumba, basi ni ateri ya dole gumba, hata kama imeamua kuondoka nyumbani mapema. Tazameni ilivyo juu juu hapa kiwikoni. Mtu akija kutoa damu akadhani ni vena, atachoma ateri. Mzee Bunloet angekuwa mgonjwa wenu, mngemuumiza."

Maswali yakamiminika. Alijibu mengine, mengine akasema "sijui, tuangalie," wakaangalia pamoja, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Walipotawanyika, alikuwa hajawahi kujisikia vizuri namna ile maishani mwake.

Siku ya marudio ilifika. Kengele ililia, akaandika. Ikalia, akasogea, akaandika. Kila pini ilikuwa mtaa anaoufahamu. Hakukumbuka ukurasa hata mmoja. Alikumbuka nyuzi za papai, dereva wa pikipiki, bibi wa meza ya jirani. Raha ilimpanda mpaka akajikanya asitabasamu, wasije wakadhani anaibia.

Pini ya mwisho ilikuwa kwa mzee Bunloet. Kibendera kilisimama kwenye ateri, katikati ya mkono wa juu. Khanun karibu aruke kwa furaha. Mkono wangu! Kalamu ilikwishagusa karatasi iandike ateri ya dole gumba, na herufi ya kwanza ikaandikwa.

Kisha akasikia "kwa nini?" ya Makham kichwani.

Kugusa ni marufuku, basi akaifuata kwa macho. Ilishuka, ikafika kwenye kiwiko, na pale ikagawanyika mbili. Akatazama tena. Huu ulikuwa mkono wa kushoto. Mwaka mzima, na hata siku ile ya shangwe, wote waliushangilia wa kulia, na yeye akasadiki kwamba wa kushoto ni ndugu yake pacha. Wa kushoto ulikuwa na moja, kama wa watu wote. Akaikata ile herufi, akaandika jina la ateri kuu ya mkono, na kengele ikalia wino haujakauka.

Profesa Siriwan, aliyekuwa amesimama kwenye kona, aliitupia jicho karatasi yake, akatazama pembeni haraka. Lakini Khanun aliona mashavu yake yakivimba kwa kicheko.

Alifaulu. Makham alilia kantini mbele za watu, kisha akasema ni pilipili.

Siku ya kuwaaga walimu wakuu, Khanun alisimama na kundi lake, amevaa nadhifu, ua jeupe la mti wa msandali, la kuagia wafu, mkononi. Mama mmoja mwenye nguo nyeusi aliwasogelea. Alikuwa binti wa mzee Bunloet.

"Ninyi ndio wanafunzi wa baba?" aliuliza. "Niambieni ukweli wanangu, msinifiche. Baba aliishia darasa la nne. Alipotuambia atakuwa mwalimu mkuu tulimcheka kijiji kizima. Alifundisha kitu kweli?"

Op, kwa mara ya kwanza maishani, hakuwa na neno. Khanun aliomba ruhusa, akaushika mkono wa kulia wa yule mama. Akaweka kidole penye mapigo, chini ya dole gumba, akapanda nacho polepole mpaka kwapani.

"Kwa baba yako hii ilikuwa inapita hivi, mama, peke yake. Watu wote humu hawana, yeye alikuwa nayo. Nilimfuata yeye tu, nikafeli. Nikaenda kuwatazama wenzake, nikarudi kwake, nikafaulu. Na siku ya mwisho alinitega tena kwa mkono wa kushoto."

Yule mama alibaki ameutazama mkono wake mwenyewe. Kisha akaanza kucheka, machozi yakimshuka.

"Huyo ndiye yeye! Huyo ndiye baba kabisa! Hata baiskeli alinifundisha hivyo hivyo. Aliniachia nianguke, halafu akaniuliza, umejua kwa nini umeanguka?"